Vipande Vitatu vya Shaba

Ujiji,
14 Februari 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ilagala, na kwamba miguu imepata nafuu. Sisi hapa hatujambo. Leonia amejifungua salama tarehe tatu, mtoto wa kiume. Tumempa jina la baba, Feliksi. Mama anakusalimu. Anambeba mjukuu kutwa nzima na kusema masikio ni ya marehemu kabisa.

Baba mdogo, nina jambo linalonitisha. Tangu Desemba nimekabidhiwa umeme wa kinu kipya cha mawese cha ushirika wetu. Mota ilikuja kwa reli ndani ya kasha, mpya, nguvu za farasi ishirini. Niliifunga mwenyewe kama ulivyonifundisha karakana. Ikizunguka tupu haina kasoro. Tukiivisha mkanda na kumimina chikichi katika mashine ya kukamua, inapunguza mwendo, inaguna kama mtu aliyebanwa mlango, kisha inasimama, na kikata umeme kinaruka. Tukimimina robo tu ya chikichi, inakwenda kwa shida. Akina mama wanaoleta mikungu wamekwisha kuitungia sifa: "Mota ya Leodgar ni mpagazi mvivu. Akiwa mtupu anapiga mluzi, ukimtwisha anaketi."

Wao wanacheka. Mzee Martini, mwenyekiti wa kamati ya kinu, hacheki. Mikungu ya vijiji vitano imelundikwa nje na inaoza, nzi wameshika ukuta mzima. Fundi wa Tabora ameombwa, lakini reli imekatwa na maji. Juzi Mzee Martini alisema mbele ya wote kwamba mashine mpya haifi bila mkono wa mtu, na aliposema hivyo alinitazama mimi.

Nielekeze, baba. Na ukiweza, njoo.

Mwanao,
Leodgar


Ilagala,
27 Februari 1976

Mwanangu mpendwa Leodgar,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako. Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa siku sita katika boti la Zefania, aliyekuwa akingoja ziwa litulie, ikanifikia ikinuka samaki wa migebuka. Kisha nami nikaishiwa wino. Nakusihi usidhani kuchelewa huku ni uzito wa moyo.

Nimepokea kwa shukrani habari za mtoto. Mungu amkuze. Nilikwenda makaburini nikamweleza mama yako mdogo, Marsiana. Huu ni mwaka wa nne tangu aniache, na bado sijazoea kupokea habari njema bila kuwa na wa kumgeukia. Samahani kwa kukutwisha huzuni za mzee wakati una za kwako.

Sasa mota. Anza na fyuzi, zote tatu, moja baada ya nyingine. Usizitazame kwa macho, zipime, maana mota iliyopoteza waya mmoja kati ya mitatu huguna hivyo hivyo. Kisha vua mkanda uizungushe kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, kosa ni la beringi. Pima volti wakati mota imebeba mzigo, si ikiwa tupu. Pima na ampea katika kila waya, uone kama ziko sawa. Na kabla ya kuilaumu mota, fungua mashine ya kukamua. Kokwa moja iliyokwama hufanana sana na mota mbovu.

Mambo mawili nakuomba kwa dhati. La kwanza, mtu asikushawishi kukizuia kikata umeme kwa kijiti au waya ili mota iendelee kusukuma. Kikiruka, kinasema kweli. La pili, vile vipande vya shaba ndani ya boksi la nyaya uviache kama nilivyokufundisha: nyota, daima nyota. Ule mfungo mwingine, pembetatu, huunguza.

Kuhusu kuja, naona haya kukukatalia, lakini miguu hii hainiruhusu kupanda boti. Niandikie uliyoyaona, pamoja na maneno yote ya kibao cha mota.

Nakuombea kila jioni.

Baba yako mdogo,
Anatoli


Ujiji,
9 Machi 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Mtoto anaongezeka uzito. Leonia anauliza, kwa heshima, kama jina tulilompa limekukwaza, kwa kuwa hukulitaja. Nimemwambia hapana, mzee alikuwa na haraka.

Nimefanya yote. Fyuzi ni nzima, zote tatu. Beringi laini, mota inazunguka kwa vidole viwili. Volti zilikuwa 380, na mzigo ulipoingia zikashuka hadi 370 tu. Ampea ziko sawa katika nyaya zote, ila zinapanda pamoja hadi kikata umeme kinaruka. Mashine ya kukamua tuliifungua yote, hatukukuta kokwa, watu wawili wanaizungusha kwa mkono.

Kibao kinasema hivi, nimenakili: farasi 20, mizunguko 1450, volti 380/660. Mbele ya 380 kuna alama ya pembetatu, mbele ya 660 kuna alama ya nyota. Nakumbuka mota zote za karakana ziliandikwa 220/380. Sijui kama tofauti hiyo ina maana. Sikugusa kitu. Ulisema nyota, nami nimeiacha nyota.

Jumatano Mzee Martini alikuja na kijiti, akaniamuru nikizuie kikata umeme. Nilikataa. Akasema kwa sauti, akina mama wote wakisikia: "Mwana wa Feliksi! Baba aliunguza mota ya Mgiriki, mwana anazima mota ya wananchi. Ukoo wenu una ugomvi gani na umeme?" Watu wazima walikumbuka, nikawaona wakinong'onezana. Ni kweli baba aliiunguza, kila mtu wa bandarini anajua.

Mama alikuwa akisikiliza nilipokuwa nikisoma barua yako. Amesema niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie shemeji, miguu hiyo ilifika Kalya kwenye harusi mwezi wa kumi. Ni Kigoma tu isikofika?" Nisamehe, nimeandika kwa kuwa amesimama hapa.

Mwanao,
Leodgar


Ilagala,
24 Machi 1976

Mwanangu mpendwa,

Neema na amani. Nilikuwa na homa siku ya Mtakatifu Yosefu, hata Misa ikanipita. Mto Malagarasi umefurika na kufunika bustani za kandokando, mihogo ya jirani yangu Bibiana yote imezama. Nakuomba msamaha kwa kuwa barua hii nayo inakuja kwa mwendo wa kobe.

Mwambie mama yako kwamba ana haki ya kuuliza. Mwambie Leonia kwamba jina ni zuri. Mnivumilie.

Maandishi ya kibao nimeyaona.

Yawezekana koili zimeshika unyevu katika behewa. Fungua vifuniko, uziwekee taa mbili za umeme kwa siku tatu ili zikauke. Yawezekana pia gurudumu la mkanda upande wa mota ni kubwa mno. Dogo lingeipunguzia mota uzito. Jaribu hayo, mwanangu, polepole. Usigombane na mwenyekiti. Ukiitwa mahali, nenda ukiwa umevaa vizuri, ujibu kwa upole, usiseme zaidi ya ulichoulizwa.

Samahani kwa ufupi.

Anatoli


Ujiji,
2 Aprili 1976

Baba mdogo,

Shikamoo.

Koili tulizikausha. Gurudumu dogo tulilichongesha. Mota ilisimama kama kwanza.

Jumanne walikuja wawili kwa Land Rover, si watu wa hapa. Walikaa na Mzee Martini ofisini, kisha wakaniita. Waliuliza jina la baba yangu, alifukuzwa kazi mwaka gani, na kwa nini. Waliuliza nani alinifundisha umeme. Nilisema nimejifunza kazini. Sikukutaja. Mmoja aliandika neno katika karatasi, na karatasi ilikuwa imenielekea nikalisoma: hujuma. Nimekatazwa kutoka Ujiji bila ruhusa. Mota isipobeba mzigo ifikapo Jumamosi tarehe kumi, nitachukuliwa. Leonia ameacha kula. Likipita gari lolote barabarani, anamnyanyua mtoto na kusimama mlangoni.

Nimempa Zefania barua hii mkononi, na ameapa hatalala njiani.

Baba mdogo, nakuuliza mara moja tu, nawe unisamehe. Kibao kile kinasemaje?

Leodgar


Ilagala,
7 Aprili 1976

Leodgar, mwanangu,

Zefania ameketi barazani akingoja nimalize, kwa hiyo nitaandika bila ustaarabu niliozoea. Unisamehe kwa hilo pia.

Kibao kinasema pembetatu.

Kibao kikisema 220/380, na umeme wa mji ni 380, mota hufungwa nyota, nayo ikifungwa pembetatu huungua. Ndivyo zilivyokuwa za karakana. Yako inasema 380/660. Hiyo hufungwa pembetatu. Ukiifunga nyota, kila koili hupata umeme pungufu ya haki yake, na mota hubaki na theluthi moja ya nguvu zake. Huzunguka vizuri ikiwa tupu, ukiitwisha huketi. Akina mama waliieleza sawasawa kuliko mimi.

Fungua boksi la nyaya. Utaona vichwa sita, vitatu juu, vitatu chini, na vipande vya shaba vimelala safu moja. Vitoe. Visimamishe wima, kila kimoja kikiunganisha kichwa cha juu na cha chini yake. Kaza nati. Hakuna kazi nyingine. Ni kazi ya robo saa.

Nililijua hilo tangu barua yako ya tarehe tisa Machi. Nilisoma ule mstari wa kibao nimesimama mlangoni, nikaikunja karatasi. Kisha nikakuandikia habari za unyevu na gurudumu. Sikuwa na homa siku ya Mtakatifu Yosefu. Nilikuwa mzima, nimekaa kitandani, nisiweze kwenda Misa.

Sasa sababu. Mwaka 1958, katika karakana ya yule bwana wa Kigiriki bandarini, ililetwa mota ya winchi ya kuinulia mizigo. Nilikuwa nimefunga mota nyingi, nikaona kusoma kibao ni kazi ya wanafunzi. Nikaifunga pembetatu. Iliungua kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili, moshi ukajaa hadi tukatoka kwa kutambaa. Bwana akatupanga mstari akauliza, "Nani amefunga?" Nilifungua mdomo. Marsiana alikuwa amelala hospitali wiki hiyo, mimba ya tatu ikiwa imeharibika. Baba yako alinitazama mara moja tu, akasema, "Ni mimi, bwana." Nikaufunga mdomo.

Alifukuzwa siku ile ile. Bandari nzima haikumpa kazi tena. Akapanda treni kwenda kwenye mkonge, Tanga, nanyi mnajua alikozikwa. Nilimsindikiza stesheni. Aliniambia, "Mtunze mke wangu Skolastika na mtoto." Hakuniambia ninyamaze. Hilo nililiongeza mwenyewe, na nimelishika kwa miaka kumi na minane.

Ulipokuja karakana kujifunza, nilikufundisha nyota, daima nyota, kwa sababu niliogopa pembetatu kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoogopa kamba. Nilikupa hofu yangu nikaiita kanuni. Nawe, kwa heshima uliyo nayo, ukaiamini kuliko maandishi ya shaba yaliyokuwa mbele ya macho yako. Kosa la mota hii ni langu, na kosa la ile ni langu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya kamati. Nimeandika yote, nimetia sahihi. Nakusihi usiviguse vipande hivyo mpaka nifike. Nataka mkono uwe wangu, mbele yao, ili chochote kikitokea kinikute mimi. Nitapanda boti la Jumatatu, la leo moyo umenishinda, na katika barua ya kamati nimewaomba wangoje. Naogopa, Leodgar. Sitakuficha.

Mwombe mama yako asinisubiri bandarini.

Anatoli


Ujiji,
10 Aprili 1976

Baba mdogo,

Shikamoo.

Sikuweza kukungoja. Siku waliyonipa ni leo, si Jumatatu.

Asubuhi nilifungua boksi mbele ya Mzee Martini na kamati. Nilivisimamisha vipande vitatu kama ulivyoandika. Nati moja iliniponyoka mara mbili. Niliwasha, nikasubiri moshi. Haukutoka. Tukamimina chikichi, robo, nusu, kisha pipa zima. Mota haikubadili hata sauti. Mafuta yakaanza kushuka mekundu, akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akapaza sauti, "Mpagazi kaamka! Kumbe alikuwa hajala!"

Nilidhani imekwisha. Mzee Martini alitazama boksi, akatazama vile vipande. Kisha akasema polepole, "Robo saa. Kwa spana moja. Na sisi tumeozesha mikungu miezi miwili. Kwa hiyo ulijua." Nikasema sikujua. Akasema, "Jana hukujua, leo unajua. Nani amekuja kukufundisha kati ya jana na leo?" Vigelegele vikakoma. Mwanamke aliyekuwa akicheka akachukua kikapu chake akaondoka.

Barua yako kwa kamati ilikuwa mfukoni mwangu. Ingetosha kuitoa.

Sikuitoa. Nina hasira nawe, baba mdogo, nimwandikie nani mwingine hivyo? Miaka yote nimeinamisha kichwa kwa jina la baba yangu. Nimelipa kosa hilo shuleni, karakana, hata siku ya kuposa. Lakini ni wewe uliyenilea, na siwezi kukukabidhi kwa watu wa Land Rover kwa mkono wangu ili mimi nitoke. Hiyo itakuwa namna ileile ya mwaka 1958, majina tu yamebadilishana.

Ukija, uje kwa miguu yako. Usipokuja, nitaichoma barua ile, nami nitajibu nitakavyoweza.

Mama nilimsomea yote. Alisikiliza hadi mwisho, akanipa mtoto, akaingia ndani.

Wamesema watanifuata jioni. Namwachia Leonia barua hii ampe Zefania.

Leodgar


Kigoma,
Alhamisi Kuu, 15 Aprili 1976

Mwanangu Leodgar,

Askari wa zamu ni mtu mwema, amekubali kukuletea karatasi hii huko rumande. Nisamehe mwandiko, naandikia juu ya goti.

Nilifika juzi. Barua yako ilinikuta gatini Ilagala, mguu mmoja ukiwa botini, na Zefania ni shahidi kwamba niliutoa mguu ule nikakaa juu ya magunia ya dagaa muda mrefu. Alisema, "Mzee, boti haliendeshwi kwa sala peke yake, panda au shuka." Nikapanda.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya kamati na wale wawili wa Land Rover. Hao wawili walikuwa hawajui kwamba nipo duniani, ulinificha vizuri mno. Nilieleza ya mwaka 1958, nikaeleza ya nyota. Mmoja alisema mzee anaweza kuja na hadithi yoyote ili kumwokoa mtoto wa ndugu yake. Nikamwomba Mzee Martini kwa adabu anitajie mafundi wa bandari niliowafundisha waliobaki hai, na kila mmoja aitwe peke yake aulizwe vipande vya shaba hufungwaje. Waliita watatu. Wote watatu, bila kuonana, walijibu, "Nyota, daima nyota. Ndivyo Mzee Anatoli alivyotufundisha." Mmoja ana mota ya pampu iliyomshinda tangu mwaka jana.

Mzee Martini alivua miwani. Kisha akamwambia karani aandike kwamba Feliksi hakuunguza mota ya winchi. Niliomba nisomewe sentensi hiyo mara mbili.

Wameandika kwamba utaachiwa leo kabla ya jua kuzama. Mimi nimeambiwa nikae hapa nje nisubiri. Sikuuliza nasubiri nini. Ukitoka nikiwa sipo kwenye benchi hili, usizunguke ofisini kuniulizia. Nenda nyumbani ukamshike Feliksi.

Mama yako amekuja kukuletea chakula. Nilisimama nikamwamkia. Hakuitika, nami sikutazamia aitike. Ameketi upande wa pili wa benchi hili hili ninapoandikia. Kikapu amekiweka kati yetu. Hajanikaribisha, wala hajakisogeza.

Anatoli